Ugonjwa wa Nani?

Katika mfano wa Msamaria Mwema kuna mtu mmoja hayumo. Aliyevamiwa njiani kati ya Yerusalemu na Yeriko tunamwona. Kuhani na Mlawi waliompita tunawaona. Tunamwona na yule mgeni aliyemhurumia, akamwosha vidonda kwa mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake na kumlipia nyumba ya wageni. Hayumo mtu ambaye wiki moja kabla angekwenda na rungu lake kuwaondoa wale wanyang'anyi pale njiani. Angekuwepo, msafiri angefika Yeriko jioni, akala, akalala, na Luka asingekuwa na kisa cha kutuandikia.

Mtu huyo namwazia sana kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Sanya Juu, wilaya ya Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro. Napima uzito, nachoma chanjo, najaza rejesta. Wenzangu wa wodini wana watu wanaorudi kushukuru. Mama aliyenusurika kifafa cha mimba analeta mkungu wa ndizi. Baba ambaye mwanawe ametoka kwenye nimonia analeta debe la viazi. Mimi sijaletewa hata yai kwa ajili ya kifaduro ambacho mtoto hakuugua. Silalamiki. Haya, nalalamika kidogo.

Huku kwetu jina la Msamaria halikubaki mimbarani. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, ilijengwa na shirika la kikanisa lililojiita kwa jina lake, ikafunguliwa mwaka 1971. Na kabla ya hapo, tangu mwaka 1926, ilikuwepo Kibong'oto, hapa hapa Siha, ambako wagonjwa wa kifua kikuu walikuja kutibiwa kutoka kila upande wa nchi. Hizo zote ni nyumba za wageni za ule mfano, mahali anapopelekwa aliyekwisha kuumizwa, na nazishukuru. Kliniki yangu iko barabarani.

Siku moja ya gulio alikuja mzee kutoka huko chini tambarare ya Sanya, amevaa koti zito juu ya shuka, amempakata mjukuu wake wa miezi tisa. Mama wa mtoto alikuwa sokoni anauza. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanitangulia kabla sijafungua kadi.

"Nesi, huyu haumwi."

"Najua, babu. Ndiyo maana nimemwita."

"Sasa unamtoboa kwa ugonjwa wa nani?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Nami nikacheka, nikampa jibu tulilofundishwa chuoni, la kinga na askari wa mwili. Alinisikiliza kwa adabu, mtoto akachomwa, wakaondoka. Swali lake ndilo lililobaki pale mezani, na kila nikilirudia naona ni zito kuliko jibu langu. Kuchoma mwili mzima, usio na kosa wala homa, mwili wa mtu asiyeweza kukubali wala kukataa, kwa sababu ya ugonjwa ambao pengine usingempata kamwe: haki hiyo tunaipata wapi?

Tuanze na huyo asiyeweza kukubali, maana hakai vile vile. Ratiba ya chanjo ya Tanzania ukiiweka sambamba na ukuaji wa mtoto, utaona inamkuta kila mara akiwa mtu mwingine. Akizaliwa anapata BCG begani na matone mawili ya polio mdomoni, naye wakati huo anachojua ni kunyonya na kushika kidole ukimwekea kiganjani. Wiki ya sita ndiyo anapoanza kumchekea mtu kwa kumaanisha, na wiki hiyo hiyo namchoma sindano za kwanza za mapaja: ya pentavalenti, inayobeba dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na Hib kwa pamoja, na ya nyumokokasi kwa ajili ya nimonia. Anapata pia matone ya rota kwa ajili ya kuhara. Wiki ya kumi anafuata sura yako kwa macho. Wiki ya kumi na nne shingo imekaza, anaunyanyua uso na kunitazama vizuri kabla sijamuumiza, na siku hiyo inaongezeka sindano ya polio.

Miezi tisa ni habari nyingine. Anakaa, anatambaa, anamjua mama yake na anajua kwamba mimi si mama yake. Zamani nilikuwa naificha sindano nyuma ya mgongo. Kwa mtoto wa wiki sita hilo linasaidia, kwa wa miezi tisa halisaidii chochote. Jean Piaget, yule Mswisi aliyewachunguza wanawe mwenyewe, alionyesha kwamba kuanzia miezi minane hivi mtoto hutambua kuwa kitu kilichofichwa bado kipo. Mtoto wa Sanya Juu hajamsoma Piaget, ila anainama kuchungulia nyuma yangu. Mwaka mmoja na nusu anatembea na ana maneno yake machache, mojawapo ni "sitaki", na mlango anaujua. Halafu kuna wasichana wa miaka tisa hadi kumi na minne wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Hao wanauliza maswali, na wana haki ya kujibiwa kabla ya kupandisha mkono wa sare.

Wanafunzi wa uuguzi husoma pia habari za Erik Erikson, aliyefundisha kwamba kazi kubwa ya mwaka wa kwanza wa maisha ni mtoto kuamua kama ulimwengu ni wa kuaminika au la. Ratiba yetu imerundika sindano nyingi katika mwaka huo huo, na sababu ni ya kweli: kifaduro huua zaidi watoto wachanga, tukiwasubiri wakue hatutakuwa na wa kumsubiri. Kwa hiyo nafanya ninachoweza. Matone ya rota kwanza, kwa kuwa ni matamu. Sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Mtoto apakatwe, asilazwe mezani, na mama amnyonyeshe wakati nachoma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo huo mwaka 2015, ingawa bibi zetu walishajua titi linanyamazisha nini. Mtoto hawezi kupewa hoja. Anaweza kupewa mama ambaye hamwachii wakati wa maumivu, na nadhani hilo ndilo linaloamua swali la Erikson, kuliko sindano yenyewe.

Bado haitoshi. Upendo wa mama aliyempakata hautupi haki, kwa kuwa upendo huo huo umewapeleka watoto kukatwa kimeo. Anayeishi mikoa ya kaskazini anajua ninachosema: mtoto ana kikohozi kisichoisha, anapelekwa kwa mtaalamu wa mtaani, kimeo kinakatwa. Au ana homa na kuharisha, mtu anampapasa ufizi, anasema ana meno ya plastiki, na vijino ambavyo havijatoka vinachokolewa na chombo ambacho sitaki kukieleza. Wanaofanya hivyo si wakatili. Bibi anayempeleka mjukuu wake analia njia nzima. Yeye na mimi tunafanana katika mambo mengi kuliko ninavyopenda: wote tunamuumiza mtoto leo kwa kutumaini kesho.

Tunachotofautiana ni kwamba mimi nahesabiwa. Kichupa nilichoshika kina namba ya toleo. Nikichoma, namba na tarehe vinaandikwa. Kibandiko chake kina mraba mweupe ndani ya duara la zambarau, na joto likizidi mraba unakolea rangi. Ukishafanana na duara, kichupa hakitumiki, hata kama watoto ishirini wanasubiri nje. Mtoto akivimba au akidegedega baada ya chanjo, kuna fomu, na kuna mtu wa kuuliza. Kabla chanjo haijafika Siha imejaribiwa kwa maelfu ya watoto na kulinganishwa na wasiopewa. Mkata kimeo hana rejesta. Watoto waliopona anawakumbuka, waliotokwa damu hadi kufa wanaingia kwenye hesabu ya Mungu. Kwangu mimi, anayetaka kumuumiza asiyeweza kukubali ana wajibu wa kwanza kabisa wa kukubali kuonyeshwa kwamba amekosea. Asiyekuwa tayari kwa hilo, hata akipenda namna gani, aweke wembe chini.

Sasa turudi kwa mzee na ugonjwa wake wa nani.

Alichochomwa mjukuu wake siku ile ni surua-rubela. Surua si ngumu kuitetea. Wauguzi waliotutangulia walikuwa na wodi nzima za surua, macho yameziba, midomo imechanika. Ila hata hapo kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Dozi ya miezi tisa inawakinga watoto kama themanini na tano katika kila mia, kwa sababu baadhi yao bado wana kinga ya mama mwilini inayoiua chanjo kabla haijafanya kazi. Waliobaki wanatembea na kadi iliyojazwa vizuri huku hawana kinga, na hakuna anayejua ni wepi. Ndiyo maana ipo dozi ya pili ya miezi kumi na minane. Katikati ya hizo dozi mbili, mtoto kama huyo analindwa na jirani zake tu. Surua inaambukiza kiasi kwamba ili isipate pa kupita, sharti watu wapatao tisini na tano katika kila mia wawe na kinga. Kwa hiyo mama anayejisifu kwamba wa kwake amechanjwa, wengine shauri yao, hajui kama wa kwake hategemei hao wengine.

Lakini swali la mzee linajibiwa na ile nusu ya pili, rubela. Mtoto akiugua rubela anapata homa kidogo, vipele, na tezi zinavimba nyuma ya masikio. Siku tatu, anacheza. Kwa ajili yake peke yake nisingemtoboa. Akimwambukiza mwanamke mwenye mimba ya miezi mitatu ya mwanzo, virusi vinavuka hadi kwa mtoto aliye tumboni, na huyo anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, moyo wenye kasoro, na masikio yasiyosikia. Aliyeligundua hilo ni daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, mwaka 1941. Alikuwa anaona watoto wachanga wengi mno wenye mtoto wa jicho, akaanza kuwauliza mama zao walichougua walipokuwa wajawazito. Marekani ilipopata mlipuko mkubwa mwaka 1964 na 1965, watoto wapatao 20,000 walizaliwa na ulemavu huo.

Basi jibu la kweli lingekuwa hili: babu, namtoboa mjukuu wako kwa ugonjwa wa mtoto ambaye hajazaliwa, wa mwanamke usiyemjua, ambaye pengine wiki ijayo atapanda basi moja na huyu kutoka Boma Ng'ombe na kumpakata kwa kuwa siti zimejaa. Mwanamke mwenyewe bado hajajua kama ana mimba.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1970 iliwachanja wasichana tu, walipokaribia umri wa kuzaa, kwa hoja kwamba wenye matumbo ndio wenye shida. Hesabu ilionekana ya haki: kila mtu achomwe kwa faida yake mwenyewe. Virusi viliendelea kuzunguka kwa wavulana na kwa watoto wadogo, na wanawake ambao chanjo haikuwafikia, au haikuwakubali, waliendelea kuambukizwa na watoto wa majumbani mwao. Mwaka 1988 wakabadili njia, wakaanza kuchanja watoto wote, wa kike na wa kiume. Sisi Tanzania tulipoingiza rubela mwaka 2014, tulianza na kampeni ya kila mtoto wa kuanzia miezi tisa hadi chini ya miaka kumi na mitano, wavulana wakiwemo. Mvulana hatapata mimba kamwe. Anachomwa kwa ajili ya jirani.

Hapo ndipo wanafalsafa wa haki za mtu binafsi wanaponisumbua, na nawakubalia wasumbue. Wanasema mwili wa mtu usifanywe chombo cha faida ya mwingine bila ridhaa yake. Ni kanuni nzuri, na historia ya tiba imejaa walioivunja. Ila inamdhania mtoto kuwa ameingia duniani peke yake. Mtoto ninayempima uzito hapa kwetu amekuja tayari na jina la babu yake, mama yake amelishwa mtori wa jirani, na hewa anayovuta imetoka mapafuni mwa watu. Kabla hajajua kusema ndiyo amepokea vya watu wasiomwuliza kama atalipa. Kumfanya mtoto kuwa jirani wa wengine si kumwongezea mzigo wa kigeni, ndivyo alivyo. Ninachodaiwa mimi ni kuhakikisha mzigo wenyewe ni mdogo, yaani paja kuuma na homa ya usiku mmoja, na kwamba kila mtoto anaubeba, si wa maskini peke yao. (Kwa mantiki hiyo hiyo naona wavulana nao wangepewa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Kilimanjaro tuliijaribu kwa wasichana tangu mwaka 2014, nchi nzima ikafuata mwaka 2018. Uchumi wa chanjo naujua, naelewa kwa nini wasichana wametangulia. Lakini kirusi hicho hakizuki chenyewe mwilini mwa msichana.)

Mzigo mwingine hauko kwenye paja. Mama mmoja Mkatoliki, mwalimu, aliniuliza taratibu, watu wakiwa wameondoka, kama ni kweli chanjo ya rubela ilitokana na mimba zilizotolewa. Nilimwambia ukweli. Virusi vinavyotumika katika chanjo nyingi za rubela duniani vilitolewa kwenye kijusi cha mimba iliyotolewa wakati ule wa mlipuko wa Marekani, mama akiwa ameambukizwa, na vikakuzwa katika chembe hai zilizotokana na kijusi kingine cha mwaka 1962. Chembe hizo zimeendelea kuzaliana maabara tangu wakati huo. Hakuna mimba mpya inayotolewa kwa ajili ya dozi yangu. Taasisi ya Kipapa ya Maisha ilitoa tamko mwaka 2005: wazazi wanaweza kuitumia pasipo na nyingine, ili kuwalinda watoto na wajawazito, na waumini waendelee kudai itafutwe ya asili nyingine. Mimi ni Mlutheri, si kazi yangu kufafanua mafundisho ya Roma. Nilichomwongezea ni kwamba rubela yenyewe iliwafanya wanawake wengi wa miaka ile watoe mimba kwa hofu, na pale ilipozuiwa hofu hiyo imeondoka. Mwalimu alikaa kimya kitambo, kisha akamleta mtoto. Sidhani kama jeraha lililo mwanzoni mwa chanjo ile limefutika kwa sababu ya wema uliofuata. Linabaki hapo. Tunaitumia tukijua.

Hoja ninayoisikia zaidi, hata hivyo, si ya chembe hai. Ni ile ya mlinzi wetu Mungu. Hii huja kwa sauti ya juu, na mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukesha na mtoto mwenye dondakoo. Naweza kumjibu kwamba mkulima wa viazi wa Ngarenairobi anaomba mvua kanisani Jumapili na Jumatatu anapiga dawa ya ukungu, na hakuna mchungaji anayemwita kafiri. Lakini hilo ni jibu jepesi. Lililo zito ni hili: ukisema Mungu amemlinda wa kwako bila sindano kwa sababu una imani, umesema nini kuhusu jirani yako aliyemzika wa kwake? Umesema hakuamini vya kutosha. Umemhukumu mama aliyefiwa ili wewe usitazamwe. Imani ya namna hiyo inapita upande wa pili wa barabara, tena ikiimba.

Kuna wengine wasiokataa chanjo wala kumtaja Mungu, ila wanachelewa. Mila ya Kichaga inamtaka mzazi akae ndani miezi mitatu, alishwe, asionekane ovyo. Ratiba inamtaka wiki ya sita. Nimewasikia wauguzi vijana wakiifokea mila hiyo kana kwamba ni uchafu, nami naona ni mojawapo ya vitu bora tulivyo navyo. Mwanamke wa mjini anayerudi kuuza duka baada ya wiki mbili angeitamani. Hapa kwetu tunamaliza jambo hilo bila kelele: bibi anambeba mjukuu kuja kliniki, mama anabaki na mtori wake. Kadi haijauliza nani amemleta.

Sasa niseme la aibu, la upande wetu. Chanjo ya surua-rubela ni unga. Naichanganya na maji yake, na kichupa ninachokitumia kina dozi kumi. Kikishachanganywa kina saa sita, kilichobaki kinamwagwa. BCG ni dozi ishirini. Sasa mama ameshuka kutoka juu kwenye mashamba, mvua ya Aprili, matope hadi magotini, ana mtoto mmoja, na siku hiyo hakuna mwingine. Nimfungulie yeye peke yake, dozi tisa nizimwage? Mwongozo unasema fungua. Ripoti ya mwezi, yenye safu ya upotevu, inakutazama kwa jicho lingine. Najua kituo kimoja, sikitaji, ambako mama aliambiwa rudi Alhamisi watoto watakapokuwa wengi. Alhamisi hakurudi. Nani angerudi, kwa nauli ipi?

Na ajabu ni kwamba anayemrudisha anaweza kutetea uamuzi wake kwa hoja ile ile niliyoitumia mimi, ya faida ya wengi. Dozi tisa ni watoto tisa wa huduma ya mkoba wa wiki ijayo. Hapa ndipo nimelazimika kujifunza kwamba hoja ya jirani, ukiiachia peke yake, inageuka kuwa hoja ya hesabu, na hesabu haina mtoto ndani yake. Mchungaji wa ule mfano mwingine, wa kondoo aliyepotea, aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Kwa mtunza stoo ni uzembe. Mimi niliufikiria mwaka mzima wa kwanza kazini na nikaona kwamba wale tisini na tisa nao wana faida hapo: kila mmoja wao sasa anajua kwamba akipotea atafuatwa. Kituo kinachomfungulia mtoto mmoja kichupa ndicho ambacho mama kumi watakiamini mwezi ujao. Wala simfungulii kwa hesabu hiyo. Namfungulia kwa sababu amekuja.

Mzee wa tambarare alirudi baada ya miezi tisa, mtoto akiwa anatembea na kumvuta fimbo. Safari hii nilikuwa na swali langu. Nilimuuliza kama aliwahi kuchanjwa ndui. Akavua bega moja la koti, akanionyesha kovu la mviringo, limebonyea, ngozi imefanya vimistari.

"Wakati wa mkoloni," alisema. "Iliwasha, ikatunga usaha. Nilimchukia sana yule mzungu."

Mimi sina kovu hilo, na mjukuu wake hana. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akazunguka nchini kwake akiwaambia wazazi wachanje polio na wasifanye kama yeye. Kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya hadi alipofariki mwaka 2013. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha, na chanjo yake ikaachwa. Ngozi yangu haina kovu kwa sababu bega la mzee yule linalo. Nilimwambia hivyo. Akalitazama kovu lake, akasema, "Kumbe ilikuwa ya kwenu." Kisha akaniambia niharakishe, basi linaondoka.

Dozi hiyo ya pili ndiyo wazazi wanayoisahau kuliko zote. Mtoto wa mwaka na nusu amekua, anakula ugali, anakimbia, kadi iko kabatini chini ya nguo. Kama unaye wa umri huo nyumbani, au jirani yako anaye, itoe kadi leo uangalie mstari wa surua-rubela wa miezi kumi na minane. Ukiwa mtupu, mlete, hata kama amepitisha umri kidogo, hata kama amekuja na babu. Hailipiwi. Na kadi ikiwa imepotea, jina lake limo kwenye rejesta.